Jina Lako Kwenye Maoni Usiyoyatoa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanahabari, wanasheria vijana, na ndugu zangu nyote mliofika: asanteni kwa kunikaribisha.

Mada niliyopewa ni pana, nami nitaibana. Sitazungumzia uongo wa mtandaoni kwa jumla, yaani dawa zisizotibu, picha zilizochezewa na uvumi wa uchaguzi. Hayo yana wasemaji wake. Nataka kuzungumzia uongo unaopenya pale tunapojadili intaneti yenyewe isimamiweje: nani aruhusiwe kupunguza kasi ya tovuti ipi, nani awajibike kwa maneno ya watumiaji, nani ashike daftari la majina ya tovuti duniani. Maamuzi ya namna hii yakishapita hukaa miaka mingi, na mijadala mingine yote inapita juu yake. Aliyefanikiwa kudanganya hapa amegusa kila kitu kinachofuata.

Nitasema dai langu mapema ili mnipime nalo. Mtu aliyeamini jambo lisilo kweli kuhusu sheria fulani anaweza kuelezwa akaelewa, na hasara yake ikaishia hapo. Linaloniumiza zaidi ni kwamba sauti ya mwananchi inashuka thamani. Uongo ukijaa kwenye kapu la maoni, mwenye mamlaka anapata kisingizio cha kulimwaga kapu zima, na maoni ya mtu aliyekaa usiku kucha akiandika kwa moyo wake yanamwagika pamoja na takataka.

Kisa chenye ushahidi mwingi kuliko vyote kinatoka Marekani, mwaka 2017, nami nitakaa nacho kwa muda.

Februari 2015, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipitisha kwa kura 3 dhidi ya 2 kanuni za usawa wa mtandao. Kiini chake ni rahisi kukieleza: kampuni inayokuunganisha na intaneti isizuie huduma halali, isiipunguzie kasi, wala isipokee malipo ili huduma ya mmoja ipite haraka kuliko ya mwingine. Hofu iliyozaa kanuni hizo ilikuwa na msingi. Mwaka 2005 kampuni moja ya simu, Madison River, ilibainika kuwazuia wateja wake kutumia huduma shindani ya kupiga simu kwa intaneti, ikalipa dola 15,000 kumaliza shauri. Mwaka 2007 ikagundulika kuwa Comcast, kampuni ya kuunganisha watu na intaneti, ilikuwa inavuruga kwa siri mawasiliano ya watu waliobadilishana mafaili kwa BitTorrent. Kwa hiyo waliodai kanuni walikuwa na la kuonyesha. Na wapinzani wao nao walikuwa na hoja za kweli, nataka tulikubali hilo: kwamba tume ilikuwa inategemea sheria ya mwaka 1934 iliyotungwa kwa ajili ya simu za nyaya, na kwamba udhibiti mzito ungeweza kuwafanya wawekezaji wasite. Watu wenye akili timamu wangeweza kukaa meza moja wakabishana kuhusu hayo mpaka asubuhi.

Mwaka 2017 uongozi wa tume ulibadilika, na mwenyekiti mpya, Ajit Pai, akapendekeza kanuni zifutwe. Kwa utaratibu wa Marekani, chombo cha serikali kinachotaka kutunga au kufuta kanuni hutangaza rasimu na kupokea maoni ya yeyote anayetaka kusema. Yakaingia maoni zaidi ya milioni 22. Kwa shauri la kiufundi lenye lugha ngumu kiasi kile, ungedhani demokrasia imestawi.

Mei 2021, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitoa ripoti ya uchunguzi wake. Katika maoni hayo, karibu milioni 18 yalikuwa ya uongo. Milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyogharamiwa na sekta ya kampuni za intaneti, dola milioni 4.2 zikatumika, ili ionekane kwamba wananchi wa kawaida wanaomba kanuni zifutwe. Kazi ya kuwapata hao wananchi ilipewa kampuni za kukusanya taarifa za wateja, zile zinazokuahidi zawadi au bahati nasibu ukijaza jina na anwani yako. Kazi yao ilikuwa kumwomba mtu ridhaa, kisha kumwandikia. Waliona ni shida. Wakachukua majina na anwani walizokuwa nazo tayari, nyingine za miaka iliyopita, wakaziweka chini ya barua ambazo wenye majina hawajawahi kuziona. Kampuni tatu za aina hiyo zilikubali kulipa dola milioni 4.4 kwa pamoja.

Fikirini maana yake. Uko kazini, au umelala, au umeshazikwa, kwa sababu marehemu nao walikutwa humo, na jina lako linatoa ushahidi mbele ya serikali. Maseneta wawili, Jeff Merkley wa Democratic na Pat Toomey wa Republican, waligundua kwamba majina yao yametumika kutoa maoni ambayo hawakuyatoa. Kama seneta anaweza kuibiwa sauti, mwalimu wa shule ya msingi atajuaje kwamba ameibiwa yake?

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu tu ya ukweli, tena ile nusu inayopendwa na watu wa upande wangu. Mimi ni mtetezi wa usawa wa mtandao, sifichi. Ripoti ileile ya New York iligundua kwamba maoni milioni 9.3 ya uongo yalikuwa ya upande wetu, ya kutaka kanuni zibaki. Milioni 7.7 kati yake yalitumwa na mtu mmoja: mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, kwa programu ya kompyuta inayojiendesha yenyewe, akitumia majina ya kubuni.

Nimewahi kusikia watu wakimtetea kijana huyo. Wanasema hakuiba jina la mtu halisi, hakulipwa, na alikuwa anapigania jambo jema. Kwamba hakuiba utambulisho wa mtu nakubali. Kosa lake na lile la kampuni halilingani. Lakini hilo la jambo jema silipokei. Jambo jema lilikuwa na watu wake halisi. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyachambua maoni yaliyoandikwa kwa maneno ya mtu mwenyewe, yasiyo nakala ya barua iliyotungwa na kikundi chochote. Alipata zaidi ya 800,000, na asilimia 99.7 yake yalipinga kufutwa kwa kanuni. Watu zaidi ya laki nane walikaa, wakafikiri, wakaandika sentensi zao. Hawa ndio waliofunikwa na zile milioni 7.7. Kijana alidhani anawaongezea nguvu, kumbe alikuwa anampa mwenyekiti wa tume sababu ya kusema kwamba mchakato wote umechafuka na namba haina uzito.

Na ndivyo ilivyosemwa. Tume ilitamka kwamba idadi ya maoni si jambo la kuangalia, kinachohesabika ni hoja za kisheria. Desemba 14, 2017 kanuni zikafutwa, kura 3 dhidi ya 2.

Kuna tukio jingine ndani ya kisa hichohicho ambalo husahaulika, na kwangu lina uzito mkubwa. Mei 2017, mchekeshaji mmoja wa televisheni aliwahimiza watazamaji wake waandikie tume. Usiku ule mfumo wa kupokea maoni ukaelemewa. Siku iliyofuata tume ikatangaza kwamba imeshambuliwa na wadukuzi waliouzidisha mfumo kwa makusudi. Maelezo hayo yakarudiwa mbele ya wabunge waliouliza. Agosti 2018, Mkaguzi Mkuu wa tume yenyewe akatoa ripoti: hapakuwa na shambulio. Wingi ule ulitokana hasa na wananchi waliotoka kutazama televisheni, wakaingia kusema. Kwa mwaka mzima na zaidi, kumbukumbu rasmi ya serikali iliwahesabu wananchi hao kama silaha.

Linganisheni mambo hayo mawili. Watu wasiokuwepo wakapokelewa kama watu. Watu waliokuwepo wakaitwa shambulio. Yote ni upotoshaji, lakini huu wa pili ndio ninaouogopa kwa sababu unatoka kwa mwenye ofisi, na sasa umekuwa mtindo.

Twendeni Ulaya mwaka 2019. Bunge la Umoja wa Ulaya lilikuwa linajadili sheria ya hakimiliki, na ugomvi wote ukawa juu ya kifungu cha 13, ambacho kwenye sheria iliyopitishwa kikawa cha 17. Kifungu hicho kiliziwajibisha tovuti kubwa za kupakia video na muziki kwa kazi za watu zinazowekwa na watumiaji. Wapinzani walionya kwamba tovuti zitalazimika kutumia vichujio vya kompyuta, na kichujio hakijui mzaha. Onyo hilo lilikuwa na mantiki. Lakini lilipofika kwa vijana lilishageuka: picha zote za utani zitapigwa marufuku, chaneli unayoipenda itafungwa. Maandishi ya sheria yalitaja wazi kwamba kunukuu, kuhakiki na kuigiza kwa mzaha vinalindwa. Mtu angeweza kubishana, kwa haki kabisa, kama ulinzi huo utafanya kazi mbele ya mashine. Ila kusema haumo ilikuwa uongo.

Upande wa pili ulijibuje? Ungetegemea wasome kifungu hadharani, waeleze. Badala yake waandamanaji waliambiwa kuwa ni roboti. Barua pepe zilizofurika kwa wabunge ziliitwa kazi ya mashine za kampuni za Marekani. Tume ya Ulaya yenyewe ilichapisha makala iliyowafananisha wapinzani na kundi la wahuni wasiofikiri, kisha ikaiondoa kwa aibu. Mbunge mmoja mwandamizi wa Ujerumani akadai kwamba waandamanaji wananunuliwa hadi kwa euro 450. Ukweli ni kwamba shirika moja lilikuwa limejitolea kuwalipia nauli na malazi baadhi ya wanaharakati waende kuzungumza na wabunge wao. Machi 23, 2019, makumi ya maelfu ya vijana waliingia barabarani katika miji ya Ujerumani. Wengine walibeba mabango yaliyosema, kwa ufupi, kwamba wao si roboti.

Niliposoma habari za mabango yale nilisikitika. Kijana wa miaka 16 au 17, pengine ni mara yake ya kwanza kuandamana, na neno la kwanza analolazimika kuiambia serikali yake ni kwamba yeye ni mtu. Sheria ikapita siku tatu baadaye, kura 348 dhidi ya 274. Baadhi ya vijana wale waliamini mambo yasiyokuwemo kwenye kifungu, ni kweli. Walistahili kusahihishwa. Hawakustahili kufutwa.

Sasa kuna aina ya tatu ya upotoshaji ambayo haina jina la kubuni wala roboti, na kwa hiyo ni ngumu kuikamata. India, mwishoni mwa mwaka 2015. Facebook ilikuwa inatoa huduma iitwayo Free Basics: unaingia bure bila kulipia bando, lakini kwenye tovuti zile tu zilizokubaliwa kwenye mpango huo. Mdhibiti wa mawasiliano wa India, TRAI, akatoa waraka wenye maswali mahususi: je, kampuni za simu ziruhusiwe kutoza bei tofauti kulingana na tovuti unayotembelea? Facebook ikawaonyesha watumiaji wake ujumbe wa kuwaomba waokoe Free Basics, na kwa kubonyeza tu, barua iliyokwisha kuandikwa ikaenda kwa mdhibiti. Zikaenda barua zaidi ya milioni moja.

Walikuwa watu halisi, kwa majina yao halisi. Tatizo ni kwamba barua hazikujibu maswali yaliyoulizwa. Mdhibiti aliuliza kuhusu bei za kibaguzi, akajibiwa kwamba intaneti ya bure ni nzuri kwa maskini. Nani atapinga hilo? TRAI ilishika kalamu ikaiandikia Facebook, Januari 2016, kwamba inageuza mashauriano yenye lengo la kutoa uamuzi wa busara kuwa kura ya wingi iliyopangwa. Februari 8, 2016 ikapiga marufuku bei hizo. Naiheshimu TRAI kwa namna ilivyofanya kuliko hata kwa uamuzi wenyewe: haikuwatukana waliobonyeza, haikuwaita roboti, ilisema hadharani kwamba majibu hayaendani na maswali na ikaomba yaletwe yanayoendana.

Angalieni pia nani alikuwa ameshika kipaza sauti. Katika mjadala wa kanuni za barabara au za dawa, kampuni inayodhibitiwa hulazimika kununua tangazo kwenye gazeti la mtu mwingine. Katika mjadala wa intaneti, inayodhibitiwa ndiyo yenye gazeti, ndiyo yenye barabara, ndiyo inayoamua kila mtu aone nini akiwasha simu asubuhi. Sijasema ikae kimya. Ina haki ya kujitetea kama mwingine yeyote. Ila ujumbe unaokuja ndani ya huduma uliyoizoea, kwa rangi na umbo la taarifa za kawaida, hausomwi kama tangazo la mwenye maslahi, na mdhibiti anayehesabu barua anapaswa kulijua hilo.

Jambo hili lina udhaifu mwingine. Mambo ya mtandao hayaonekani. Bei ya mkate ikipanda unaiona. Pakiti za data zikicheleweshwa unadhani simu yako imezeeka. Hivyo msemaji yeyote anaweza kukuonyesha picha anayotaka. Mwaka 2015, Ajit Pai, wakati huo akiwa mjumbe wa tume, alipiga picha ameshika rundo la karatasi akasema huo ni mpango wa Rais Obama wa kudhibiti intaneti, kurasa 332. Kurasa zilikuwepo. Lakini kanuni zenyewe zilikuwa kama kurasa 8. Zilizobaki ni maelezo ya kisheria na majibu ya hoja za watu, kama sheria inavyoagiza. Picha ilisema zaidi ya ilichokuwa imebeba. Mwaka uliofuata, wakati Marekani inajiandaa kuachia usimamizi wake wa daftari kuu la majina ya tovuti, wanasiasa kadhaa walitangaza kwamba intaneti inakabidhiwa kwa China na Urusi. Oktoba 1, 2016 usimamizi ukaachiwa. ICANN, shirika lisilo la faida linaloshughulikia daftari hilo, lilibaki California kama lilivyokuwa, na mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti yoyote.

Na wetu? Februari 2018, akaunti rasmi ya maseneta wa Democratic iliandika kwamba usawa wa mtandao usipookolewa, watu watapata intaneti neno moja kwa wakati mmoja. Kanuni zilikoma Juni 2018. Haikuwa hivyo. Mpaka leo wapinzani wetu huulizia lile neno moja moja, na wana haki ya kuuliza. Madhara tuliyoyahofia yalikuwa ya polepole na ya kimyakimya: huduma changa inayokufa bila mtu kujua ingekuwa nini, mkataba wa upendeleo kati ya kampuni mbili unaofichwa ndani ya hesabu. Kwa kuwa hayo hayavutii macho, tukachagua ya kutisha. Tulipoteza uaminifu tuliouhitaji sana baadaye.

Mfano mwingine unanigusa zaidi kwa sababu ndani yake mna jambo la kweli. Mwaka 2018, California ikiwaka moto, ilibainika kwamba kampuni ya simu ya Verizon iliipunguzia kasi ya intaneti idara ya zimamoto ya Santa Clara katikati ya kazi ya uokoaji, kwa kuwa ilikuwa imemaliza kiwango cha data. Verizon ilikiri kwamba ilikosea. Ni jambo la aibu, na lilistahili kupigiwa kelele. Lakini wengi wetu tulilibeba kama ushahidi kwamba kufutwa kwa kanuni ndiko kulikosababisha. Kanuni za 2015 zilikataza kubagua huduma moja dhidi ya nyingine. Kupunguza kasi ya kila kitu baada ya kiwango cha data kuisha, kwa mujibu wa mkataba, ni suala jingine, na ni shaka kubwa kama zingelizuia. Kilichobadilika hasa ni kwamba baada ya kufutwa, tume ilibaki na nguvu ndogo ya kumsikiliza mlalamikaji wa namna ile. Hoja hiyo ndogo ilikuwa ya kweli na ilitosha. Tulitaka kubwa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika uwanja huu nimeshuhudia mengi yakisemwa miaka kumi mfululizo bila kuwepo wala kuja. Mojawapo, nitaligusa tu, ni imani kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1996, kifungu cha 230, inazitaka tovuti zisiwe na upande ndipo zilindwe dhidi ya kushtakiwa kwa maneno ya watumiaji. Hakuna sharti hilo. Wabunge walikitunga baada ya hukumu ya mwaka 1995 dhidi ya Prodigy, kampuni ya huduma za mtandao, ambayo iliibebesha kampuni hiyo dhima kwa sababu tu ilikuwa inajitahidi kuondoa machafu. Walitaka tovuti ziweze kusafisha bila hofu. Ukisikia mtu anasema kinyume chake kwa uhakika mkubwa, mwombe akuonyeshe mstari.

Mwaka 2019 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya jaribio kwenye shauri la huduma za afya jimboni Idaho. Akatumia programu ya kutunga maandishi, ambayo leo ingeonekana duni sana, akatuma maoni 1,001, kila moja na maneno yake. Yalikuwa zaidi ya nusu ya maoni yote yaliyopokelewa. Baadaye akayaondoa na kueleza alichofanya. Watu aliowapa wajaribu kuyatofautisha na ya binadamu walishindwa. Kwa hiyo dawa ya kutafuta sentensi zinazofanana imekwisha nguvu.

Najua jibu litakalopendekezwa, maana nimeshalisikia katika vikao vya aina hii: kila anayetoa maoni aonyeshe kitambulisho. Naomba tulikatae. Mfanyakazi wa kampuni ya simu anayejua jinsi kasi inavyochezewa hatasema kwa kitambulisho. Mwandishi wa habari anayefuatiliwa hatasema. Mtakuwa mmewaondoa hasa wale wanaojua. Wenye fedha watabaki, kwa kuwa wana wanasheria wa kusaini.

Vipo vya kufanya vilivyo rahisi zaidi. Mfumo wa maoni wa FCC mwaka 2017 haukuhakikisha hata kwamba anwani ya barua pepe ipo na ni ya aliyeandika. Kutuma ujumbe wa uthibitisho ni kazi ya siku chache kwa fundi. Kikundi kinachotuma maoni kwa niaba ya watu kiseme nani anakilipa na kihifadhi ushahidi wa ridhaa. Kutumia jina la mtu mwingine mbele ya mdhibiti kuwe kosa lenye adhabu inayozidi faida, na adhabu imfikie aliyetoa fedha, maana katika kesi ya New York waliolipa faini ni mawakala. Mdhibiti naye akome kutangaza idadi kama matokeo ya mechi. Atangaze hoja zilizoletwa, ngapi ni mpya, na zimejibiwaje.

Kwa wenzangu wanaharakati nina ombi gumu. Tukiona upande wetu umetia chumvi, tuseme sisi kwanza, kwa majina yetu, siku hiyohiyo. Tusisubiri wapinzani watufichue. Kabla ya kusambaza tangazo la hatari, taja namba ya kifungu. Kama huna namba ya kifungu, bado huna tangazo.

Halafu kuna hili la mafaili, na ndilo nililojia hasa. Udanganyifu wa 2017 ulianza kujulikana kwa sababu tume ilikuwa imeyaweka maoni wazi, mtu yeyote ayapakue. Novemba mwaka ule mtaalamu mmoja wa data akayachambua akiwa nje ya serikali, akaona maoni zaidi ya milioni moja yaliyotengenezwa kwa kiunzi kimoja, maneno yakibadilishwa kwa visawe ili yaonekane tofauti. Alichapisha matokeo wiki tatu kabla ya kura. Kura ikapigwa hata hivyo, na uchunguzi wa New York ukakamilika zaidi ya miaka mitatu baadaye. Uwazi ulikuwepo, uliokosekana ni wajibu wa kuusubiri na kuusikiliza.

Ninachopendekeza ni kwamba faili zima la maoni, likiwa na saa kila moja lilipoingia na njia lililopitia, anwani binafsi zikiwa zimefichwa, litolewe siku dirisha la maoni linapofungwa. Kura isipigwe kabla ya siku 60 tangu hapo. Ukaguzi wowote utakaowasilishwa ndani ya siku hizo uingizwe kwenye kumbukumbu ya shauri na ujibiwe kwa maandishi kabla ya uamuzi. Nimeliandika pendekezo hili kwa lugha ya kisheria, aya moja, na nakala ziko mezani karibu na mlango. Wanasheria vijana, naomba mlichukue mlipasue mstari kwa mstari, hasa ile sentensi ya pili inayohusu kuficha anwani, kwa sababu sijaridhika nayo.